Yerevan: Meza tele, milango miwili ya mpaka

Yerevan. Katika soko la GUM, hapa mji mkuu wa Armenia, muuzaji hukuonjesha kwanza, bei huja baadaye. Mezani kuna aprikoti zilizokaushwa, lozi, na sujukh: jozi zilizotungwa kwenye uzi kama shanga, zikachovywa kwenye rojo la zabibu hadi likashika. Ukishaonja vitatu, kuondoka mikono mitupu ni kazi.

Mlo wenyewe hauanzi bila lavash, mkate mwembamba kama kitambaa. Mwokaji huutandaza juu ya mto, kisha huubandika kwenye ukuta wa tanuri la udongo lililochimbiwa ardhini. Ukikaushwa hukaa miezi. Ukinyunyiziwa maji hulainika tena. UNESCO iliuorodhesha kuwa urithi mwaka 2014. Ndani yake hufungwa nyama choma, jibini na majani mabichi.

Halafu huja kahawa nzito, kikombe kidogo. Usiiite ya Kituruki, utanuniwa. Kahawa hailimwi huku na nchi haina bahari, hivyo mizigo mingi ya meli hushushwa Poti au Batumi, nchini Georgia, kisha hupanda milima kwa lori. Uturuki, jirani wa magharibi, iliufunga mpaka wake mwaka 1993. Ule wa Azerbaijan ulifungwa kwa sababu ya vita. Wakabaki Georgia na Iran.

Asubuhi isiyo na ukungu, mlima Ararat huonekana wazi kutoka mitaa ya Yerevan. Uko Uturuki. Lori la bidhaa za huko hulazimika kuzungukia Georgia.