Je, Wajua? Kila Januari mgonjwa wa zamani huwa mpya

Tabora, ambako njia ya misafara kutoka Bagamoyo iligawanyika, moja kwenda Ujiji na nyingine Karagwe, bado ni mji wa wapita njia. Hata reli hugawanyika hapo, kwenda Kigoma na Mwanza. Wapita njia hao wakiugua, huhesabiwaje hospitalini?

Katika MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya Tanzania, anayefika kituoni kwa mara ya kwanza mwaka huo huhesabiwa mpya. Akirudi Machi au Novemba, ni marudio. Mwaka ukigeuka, hata mzee aliyetibiwa hapo kwa miaka 20 huanza upya. Na mfanyabiashara mwenye faili Kigoma, akishuka Tabora na homa, Hospitali ya Kitete mjini humo humhesabu mpya. Bila utaratibu huu, mtu aliyekuja mara 6 angeonekana kama watu 6.

Nchini Marekani kipimo ni miaka 3 bila kuhudumiwa hapo, nacho hugusa mfuko: mgonjwa mpya hutozwa kwa misimbo ya malipo 99202 hadi 99205, wa zamani 99211 hadi 99215.

Tunza kadi yako ya matibabu, na ukiulizwa kama umewahi kufika mwaka huu, jibu kweli.