Gitaa la Likasi na wasichana wetu

Siku ya posho tuliketi na wasichana wetu wanaojifunza gitaa. Walikuwa wakiamini kwamba muziki wa kusomewa ni wa Ulaya, wa kwetu ni wa kabare tu. Mwalimu akawasikilizisha Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952: kidole gumba na cha pili tu, na kuimba Kiswahili. Kisha akaweka wimbo wa Kuba. Mmoja akauliza, “Mbona hawa wanapiga kama rumba yetu?”

Hapo historia ikaingia. Watu wa Kongo waliouzwa utumwani walifika na ngoma zao mpaka Kuba. Miaka mingi baadaye sahani za santuri za Kuba zikaletwa Léopoldville, na wapiga gitaa wa kwetu wakazishika upesi, kama mtu anayetambua sauti ya ndugu.

Sasa msichana huyo anamfuata koko wake jikoni, anaandika nyimbo za kutwanga. Baba yake angali anasema gitaa litamharibu. Hatumcheki, kabare tunazijua. Tumemwomba aje kusikiliza posho ijayo, saa nane.