Mtoto Amerudi kutoka Masomoni Ng'ambo: Mbona Hana Raha?

Mtoto anapopata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, familia nzima hujiandaa. Koti la baridi linatafutwa, shangazi anakaanga karanga za safarini, na kila mtu anampa maonyo juu ya ugeni utakaompata huko. Lakini anaporudi kuendelea na chuo hapa nchini, hakuna anayemwandaa kwa lolote. Watu husema, "Si amerudi kwao?" Mwezi mmoja au miwili baadaye baadhi yao tunawaona hospitalini. Hawalali, hawali vizuri, kichwa kinauma kila siku, na vipimo havionyeshi kitu. Wengine vipimo vinaonyesha malaria, tena kali. Tutaeleza yote mawili, maana yanatokana na safari ileile.

Wanaorudi hawarudi kwa njia moja. Wapo waliokwenda China, India au Ulaya kwa muhula mmoja au mwaka mzima, wakarudi kumalizia shahada katika vyuo vyao. Wapo pia ambao hawakupanga kurudi. Machi 2020 China ilifunga mipaka yake kwa wageni kwa sababu ya Korona, na wanafunzi waliokuwa nje ya nchi hiyo walisoma kwa intaneti mpaka mwaka 2022, walipoanza kuruhusiwa kuingia tena. Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, maelfu ya wanafunzi wa Kiafrika, Watanzania wakiwamo, walilazimika kukimbia. Kijana aliyerudi namna hii hakupata hata nafasi ya kuaga marafiki au kuchukua vitabu vyake. Wazazi wanashukuru kwamba yu hai, na ni haki yao kushukuru, lakini yeye ana msiba wake moyoni ambao hakuna aliyempa pole.

Hali hii imejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1963 watafiti wawili wa Marekani, John na Jeanne Gullahorn, waliandika kuhusu watu waliorudi kwao baada ya kusoma au kufundisha nchi za nje. Kabla yao ilisemwa kwamba moyo wa mgeni hupita kama herufi U: huanza juu kwa furaha, hushuka kwa upweke, kisha hupanda anapozoea. Hao wawili waliona kwamba akirudi kwao hushuka na kupanda tena, na herufi ikawa W. Watafiti wengine wamesema baadaye kwamba si kila mtu hupita njia hiyo, na hata sisi tunawajua waliozoea ndani ya wiki moja. Lakini kwa wale wanaoshuka, mara ya pili huweza kuwauma kuliko ya kwanza. Huko ng'ambo alitegemea kuwa mgeni, na watu walimvumilia kama mgeni. Hapa hategemei, wala hakuna anayemvumilia.

Chuoni mambo huwa hivi. Wenzake aliowaacha wamemaliza, yeye anaketi na wadogo zake. Alikuwa amezoea kumwuliza mhadhiri maswali na hata kumpinga. Akifanya hivyo hapa, darasa zima linamgeukia. Alizoea maktaba iliyo wazi mpaka usiku. Hapa anaambiwa atafute "madesa", kama wanavyoita wenyewe zile karatasi za muhtasari zinazopita mkono kwa mkono. Akichanganya maneno ya kigeni anaambiwa anajidai ametoka majuu. Akinyamaza anaambiwa anaringa. Kuna na jambo la masomo aliyoyafanya huko kutotambuliwa yote, ikabidi arudie mwaka. Hilo linavunja moyo sana, tena linagharimu fedha. Ni vizuri kupeleka matokeo yake mapema chuoni, na inapobidi Tume ya Vyuo Vikuu, kabla muhula haujaanza, badala ya kungoja mitihani ifike.

Nyumbani nako kuna mzigo wake. Mjomba anangoja zawadi, majirani wanadhani amerudi na fedha, na baba anataka aeleze kila kitu mbele ya wageni. Wazazi, tunawaomba mmwulize habari za huko mara nyingi, lakini kidogo kidogo, wakati wa kupika au njiani kwenda shambani. Mwacheni ataje marafiki zake wa huko bila kumwambia, "Huko umeshatoka." Kijana anayesema kwamba huko mabasi yalifika kwa saa yake hatukani nyumbani kwao. Anaomboleza kitu alichokizoea.

Sasa tuje kwenye mwili. Usingizi kwanza. Mwili una saa yake, na kwa kawaida huhitaji siku moja hivi kwa kila saa moja ya tofauti. China iko saa tano mbele yetu. Ikifika saa 2 usiku hapa, mwili wa aliyetoka huko unaona ni saa 7 usiku, hivyo atasinzia mezani na kuamka usiku wa manane akiwa macho makavu. Hilo si uvivu. Akae nje kwenye mwanga wa jua la alasiri, asilale mchana kwa muda mrefu, na katika wiki moja hivi atakuwa sawa. Tumbo nalo huweza kuharisha siku za mwanzo. Anywe maji yaliyochemshwa, na akiharisha atumie maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu kijiko kidogo, vyote vya kusawazishwa.

Malaria ndiyo tunayoiogopa zaidi. Watu wengi wanaamini kwamba aliyezaliwa hapa na kuugua malaria mara nyingi utotoni ana kinga ya maisha. Sivyo. Kinga ya malaria si kama ya surua. Hujengwa na kutunzwa kwa kuambukizwa mara kwa mara, tena haizuii ugonjwa kabisa bali huupunguza makali. Aliyekaa Beijing au London mwaka mmoja au miwili bila kuambukizwa, kinga hiyo imepungua. Akiumwa na mbu mwenye vimelea, anaweza kuugua kama mgeni ambaye hajawahi kukanyaga Afrika. Na aliyekulia nyanda za juu zenye baridi pengine hakuwa nayo tangu mwanzo.

Tulimpokea binti mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, aliyekuwa amerudi wiki tatu tu kabla. Alikuwa na homa siku nne. Mama yake alidhani ni uchovu wa safari na huzuni, kwa sababu ni kweli binti alikuwa na huzuni na hakutaka kutoka chumbani. Walimpa dawa za kutuliza maumivu. Alipofika kwetu alikuwa anaweweseka na hamtambui baba yake. Alichomwa sindano za atesuneti usiku uleule, na siku ya tatu akaomba uji. Angecheleweshwa hadi kesho yake, hatujui kama tungempata.

Kwa hiyo, homa kwa mtu aliyerudi ipimwe siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka hutoa jibu katika dakika 15 hadi 20. Akikutwa na malaria isiyo kali atapewa dawa mseto ya kumeza siku 3, mara mbili kwa siku, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa ili ifanye kazi vizuri. Amalize dozi hata kama homa imeshuka. Amweleze mganga ametoka wapi, kwa maana India kuna aina ya malaria inayojificha kwenye ini na kurudi baada ya miezi, na baadhi ya vipimo vya haraka havioni aina hiyo. Chandarua kiwe cha kwanza kuingia bwenini. Tunajua habari za "kubebana", wanafunzi wawili kitanda kimoja kwa kukosa nafasi. Basi chandarua kiwe kipana, maana mkono ukigusa wavu mbu huuma hapohapo.

Kama alianzishiwa dawa huko, iwe ya pumu, ya kifafa au ya sonona, asiiache ghafla kwa sababu imekwisha. Aje na boksi lake na barua ya daktari, ili tujue jina lenyewe la dawa na kutafuta iliyo sawa nayo hapa.

Je, huzuni ya kurudi inakuwa ugonjwa lini? Ikiwa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi hana furaha na chochote, halali au analala mno, hali, haendi darasani, au anasema yeye hana faida, mleteni. Msianze kutafuta nani amemroga. Na mzazi asiogope kumwuliza waziwazi, "Mwanangu, umewahi kufikiri kujiua?" Swali hilo halimtii wazo ambalo hakuwa nalo, mara nyingi humpa nafasi ya kusema. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, dawa za wadudu na vidonge vyote viondolewe nyumbani, na mtu anayempenda afuatane naye hospitali siku hiyohiyo, aketi naye mpaka atakapoonwa.