Kompyuta ilikataliwa ofisini, kijana akalaumiwa

Mwezi huu tunaleta habari ya mashine, lakini ni habari ya familia pia, maana ilianzia mlangoni kwangu. Mama mmoja jirani alikuja asubuhi na mapema, machozi yako karibu. "Mwalimu, mutoto yangu banamufukuza juu ya nini?"

Kijana wake alikuwa anajitolea katika ofisi moja hapa kambini, anapata motisha kidogo kila mwezi, na nyumba ile inategemea hiyo hiyo. Ofisi ilipokea kompyuta nne zilizotumika, akaambiwa aziingize kwenye domeni. Ya kwanza iliingia, akapewa bosi. Aliposhughulika na ya pili, ya bosi ikagoma kabisa. Basi, ikasemwa kijana ameharibu.

Domeni ni nini? Ofisi yenye kompyuta nyingi huweka moja kubwa, seva, inayotunza daftari la watumiaji na la mashine. Kwenye Windows daftari hilo linaitwa Active Directory, lilianza na Windows 2000. Fikirieni siku ya posho: huwezi kupokea kama jina lako halimo, au kama kadi yako na daftari havikubaliani. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo.

Tulikwenda naye. Ile ya pili ilisema kwamba haiioni domeni. Waya ulikuwa mzima, taa za swichi zinawaka, na intaneti inafunguka vizuri. Hapo ndipo wengi wanapotea, wanasema mtandao upo, kwa nini ikatae? Tatizo lilikuwa DNS, yaani yule anayeulizwa jina na kujibu namba. Mtu alikuwa ameandika 8.8.8.8, ambayo ni ya Google. Google inajua mambo ya dunia nzima lakini haiijui seva iliyofichwa ndani ya ofisi yenu. Tukaweka namba ya seva ya ofisi peke yake. Ukitaka kuhakikisha, fungua lile dirisha jeusi la maandishi, andika nslookup na jina kamili la domeni. Kama haijibu namba ya seva, usiendelee mbele, utachoka bure.

Ikaiona domeni, lakini sasa ikalalamika kuhusu saa. Na hili ni tatizo letu sisi wa jenereta. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, mara nyingi ni CR2032, inayotunza saa wakati umeme haupo. Ikifa, kila jenereta inapozimwa jioni, kesho yake mashine inaamka na tarehe ya miaka ya nyuma. Seva kwa kawaida haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5, kwa sababu vibali inavyotoa vina muda wake, na mwizi asije akatumia kibali cha zamani.

Kijana akasema, "Lakini saa niliirekebisha mwenyewe!" Kweli alirekebisha, kwa saa ya mkononi. Nikamwomba anioneshe. Yake ilisema saa mbili na dakika kumi, ya seva saa tatu na dakika kumi. Jamani! Saa yake bado iko Bukavu. Nyumbani Kivu tuko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na wengi wetu hatujabadilisha mpaka leo. Kompyuta ilipangiwa ukanda wa Nairobi, halafu ikapewa saa ya Bukavu: dakika 60 za tofauti, na yeye anaruhusiwa 5 tu. Kwa hiyo angalieni kwanza ukanda, ndipo muweke saa, na mwaka pia.

Sasa ile ya bosi. Kompyuta hiyo na ya pili zilikuwa na jina moja, maana huko zilikotoka programu zilinakiliwa kutoka mashine moja. Ya pili ilipojaribu kuingia kwa mara ya kwanza, kabla ya yale malalamiko, ilichukua nafasi ya ya kwanza kwenye daftari na neno la siri la mashine likabadilika. Ya bosi ikabaki na kadi isiyokubaliwa. Tangu marekebisho ya Windows ya Oktoba 2022, kurudia jina la zamani kunazuiwa mara nyingi, isipokuwa anayeingiza ni yule yule aliyeliandikisha. Hapa alikuwa yule yule, ndiyo maana haikuzuiwa. Hakuna kilichovunjika. Ingetosha kuipa kila moja jina lake, lisizidi herufi 15, na kuiwasha upya kabla ya kuiingiza.

Ya bosi tuliitoa kwenye domeni, tukaiwasha upya, tukabadilisha jina, tukaiingiza tena. Lakini angalisho: kabla ya kuitoa, hakikisheni mnalo neno la siri la msimamizi wa mashine yenyewe, na mmelijaribu. Bila hilo mtajifungia nje, na hapo mama atakuja kulia kweli. Na neno la siri la domeni, mwacheni mwenye mamlaka aliandike mwenyewe kwa vidole vyake. Kijana asiyelijua hawezi kusingiziwa kesho.

Ya nne haikuingia mpaka leo. Ni Windows ya aina ya Home, na Home haiingii kwenye domeni hata ufanyeje. Inatumika kuchapia barua tu.

Jumatatu kijana alirudi kazini. Betri nne zimeletwa kutoka Kasulu. Nilimshauri abadilishe na saa ya mkononi, akacheka, akasema ofisini ataangalia ya ukutani. Ile ya mkononi ilikuwa ya baba yake, na inabaki saa ya Bukavu.