Je, wajua kwa nini foko hunyanyua mkia?

Alizeti ikishavunwa Singida, magunia huanza safari ya kwenda kukamuliwa, kwenye vinu vidogo vya mitaani na hata kiwanda kikubwa cha Mount Meru Millers. Kwenye kinu kidogo makuli hubeba mgongoni. Ghala likiwa kubwa, kazi hiyo ni ya foko, yaani forklifti.

Foko ya kunyanyua tani 2.5 yenyewe ina uzito wa zaidi ya tani 3, na sehemu kubwa ya uzito huo ni bonge la chuma lililowekwa nyuma makusudi. Magurudumu ya mbele ni egemeo, kama la mizani: mzigo upande huu, bonge upande ule. Mzigo ukishinda, mkia unanyanyuka. Na kwa kuwa foko hukata kona kwa magurudumu ya nyuma, hapo usukani hauna kazi tena.

Sasa itazame alizeti. Gunia linaloingia kilo 100 za mahindi hujaa kwa kilo 65 hivi za alizeti. Rundo ni kubwa, uzito ni mdogo, na jicho linadanganyika: dereva anaongeza magunia mengine, mzigo unatokeza mbele ya meno yanayoubeba na kumziba macho. Kibao cha foko kinasema tani 2.5, lakini kwa sharti: kitovu cha mzigo kisizidi sentimita 50 kutoka kwenye mgongo wa meno. Kikisogea mbele, uwezo unapungua, ingawa hakuna kilo hata moja iliyoongezwa. Kuli analijua hilo kwa mwili wake: gunia analobeba mgongoni hawezi kulishika mikono ikiwa imenyooshwa.

Ndiyo maana dereva aliyefundishwa hutembea na meno yakiwa sentimita 15 hivi kutoka chini, mlingoti unaopandisha meno hayo umelala kidogo nyuma. Mzigo ukimziba, huenda kinyumenyume. Kwenye mteremko, mzigo hukaa upande wa juu, awe anapanda au anashuka.

Hatari kubwa kuliko zote ni foko kulala ubavu, hasa ikikata kona kwa kasi na mzigo ukiwa juu, au sakafu ikiwa na mafuta yaliyomwagika, jambo la kawaida penye kukamua alizeti. Mwili hutaka kuruka nje. Usiruke! Paa la chuma humwangukia anayeruka. Funga mkanda kabla ya kuwasha. Foko ikianza kulala, shika usukani kwa nguvu, kaza miguu, inamia upande ambao foko haiangukii.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake mafunzo. Mwenye ghala, usimkabidhi ufunguo kijana kwa sababu tu anajua kuendesha gari. Mfundishe kwanza, futa mafuta sakafuni, na uchore kwa rangi njia ya waendao kwa miguu.