Satelaiti ndogo zinajuaje mlipuko wa angani umetoka wapi?

Banduku, siye wa Kolwezi tunajua sauti ya karyeri wakilipua mawe. Tuseme wamelipua upande wa Musonoi. Mwenye kukaa karibu anasikia mbele, mtu wa Manika anasikia sekunde kadhaa nyuma, kwa sababu sauti inatembea karibu mita 340 kwa sekunde. Watu watatu wa kartye mbalimbali wakiandika saa kamili waliyosikia, mwenye ramani atajua ni karyeri gani bila kutoka nyumbani.

Hesabu hiyo njo inatumika kutafuta milipuko ya mionzi ya gama. Ni mimweko mikali sana kutoka mbali, nje ya galaksi yetu: nyota kubwa inapobomoka, ao nyota mbili za nyutroni zinapogongana. Mingine haifiki sekunde mbili. Hewa ya dunia inazuia mionzi hiyo, kwa hiyo chombo lazima kiwe juu. Wa kwanza ulinaswa tarehe 2 Julai 1967 na satelaiti Vela za Marekani, zilizowekwa kuchunga majaribio ya siri ya bomu za nyuklia.

Kazi ni kujua wapi, na haraka, maana mwangaza unaobaki unafifia kila saa. Tarehe 28 Februari 1997, BeppoSAX ya Italia na Uholanzi ilikamata mmoja, na kisha masaa kama nane ikageuzwa kuangalia pale. Kwa mara ya kwanza watu wakaona mwangaza ule unaobaki. Data zake zilikuwa zinashukia kwenye antena ya Malindi, pwani ya Kenya.

BeppoSAX ilikuwa na kilo karibu 1,400. GRBAlpha, iliyorushwa Machi 2021, ilikuwa kisanduku cha sentimita 10 kila upande. Ndani kulikuwa na kristali: mionzi ikiipiga, inatoa mwanga kidogo unaohesabiwa. Tarehe 9 Oktoba 2022 ilipima mmweko mkali kuliko yote iliyowahi kurekodiwa. Vifaa vya satelaiti kubwa kadhaa vilizidiwa, yenyewe haikuzidiwa. Lakini kisanduku kimoja kinasema tu "nimeona", hakisemi upande gani.

Njo maana wanarusha kundi. Machi 2025 Italia ilirusha sita za HERMES kwa pamoja. Mwanga unakata karibu kilometa 300 kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Satelaiti mbili zenye kuachana kilometa 3,000 zitapishana sehemu 10 za elfu, si zaidi. Tofauti hiyo inachora duara angani, na mlipuko uko mahali fulani kwenye mstari wake. Satelaiti ya tatu inaleta duara lingine, zinakatana kwenye pointi mbili. Ya nne, kama haiko kwenye bapa moja na zile tatu, inafuta pointi moja. Kwangu mimi utamu uko hapo: chombo kinakuwa kidogo, kazi inahamia kwenye saa na umbali.

Mimi nilifanya lisansi ya agronomia. Satelaiti nilizijua kwa picha za mashamba. Wanafunzi wengi wananiambia mambo haya ni ya nchi tajiri. Lakini Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Italia, kilitengeneza 1KUNS-PF, ikaachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga tarehe 11 Mei 2018. Haikuwa ya gama, ila kisanduku chake kilikuwa cha sentimita 10, sawa na kile cha GRBAlpha.