Alizeti ya Ufipa: mafuta ya ngozi hayatoki kwenye gunia lolote

Mkulima wa alizeti wa Mwimbi, wilayani Kalambo, huuliza bei mbili: ya gunia la mbegu na ya mafuta ya kupikia. Lipo soko la tatu, la mafuta ya kulainisha ngozi, lakini mnunuzi wake ana masharti.

Anachotafuta ni asidi ya linoleki. Kwa viwango vya kimataifa vya Codex, mafuta ya alizeti ya kawaida huwa nayo kati ya asilimia 48 na 74. Mwili hauwezi kuitengeneza. Ngozi huitumia kujenga utando unaozuia maji yasitoke. Mafuta hayaongezi maji, huyahifadhi. Hivyo yapakwe baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Faida hiyo inaeleweka Ufipa, ambako baridi kavu ya Juni na Julai hupasua midomo na visigino.

Ushahidi upo. Matokeo ya utafiti katika hospitali ya watoto ya Dhaka, Bangladesh, yaliyotolewa mwaka 2005, yalionyesha kuwa watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti walikuwa na hatari ndogo ya maambukizi ya hospitalini kwa asilimia 41, wakilinganishwa na wasiopakwa. Hao walikuwa chini ya uangalizi wa madaktari. Mzazi asijaribu nyumbani.

Baridi ni mtaji

Alizeti ya kawaida inayokomaa penye baridi huwa na linoleki nyingi kuliko inayokomaa penye joto. Kwa mkaanga chipsi hiyo ni kasoro, kwani mafuta hayo huharibika upesi yakichemshwa mara kwa mara. Kwa mtengenezaji wa losheni ndiyo sifa yenyewe. Hapo uwanda wa juu wa Ufipa una nafasi nzuri kuliko maeneo ya joto.

Lakini asidi hiyohiyo huyafanya mafuta yachache haraka, na yaliyochacha huwasha ngozi. Mbegu iliyofungwa na unyevu huongeza uchachu hata kabla ya kukamuliwa. Anayelenga soko hili akaushe mbegu vizuri, atenge zilizoota ukungu, akamue bila kuchoma, aache mafuta yatulie, ayachuje, kisha ayafunge katika vyombo vikavu vilivyojaa, mbali na jua. Madumu yanayoonyesha ndani yakianikwa barabarani huvutia wateja, lakini huharibu mali.

Anayetaka kuuza kama kipodozi apitie Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililokabidhiwa usimamizi wa vipodozi mwaka 2019 kutoka TFDA.

Ushindani mkubwa ni mafuta ya mgando yatokanayo na petroli, ambayo ni rahisi na hayachachi. Kwa hiyo si busara kuhamishia mavuno yote huku. Mkulima atenge magunia machache yaliyo safi na kutafuta mnunuzi kabla ya kukamua. Mengine yabaki sokoni kama kawaida, na mashudu yaende kwa wafugaji.